Mambo ya kuzingatia kabla hujaweka mayai kwenye mashine ya kutotolesha

Watu wananunua mashine ya kutotolesha, wanajaza mayai ya kuku mpaka trei ya mwisho, halafu siku ya 21 wanatoka na vifaranga vya kuhesabu kwa vidole. Nimeona wengi wakipoteza hela hivi na inaniuma kwa sababu makosa ni yale yale kila siku. Soma kwanza kabla hujachomeka.

Mayai lazima yawe na mbegu. Yale ya trei ya dukani ni ya kuku wasioishi na jogoo, hayatotoi hata uyakalishe mwezi mzima. Kama unakusanya bandani kwako, jogoo mmoja kwa mitetea 8 mpaka 10, na asiwe ndugu yao wa damu.

Usioshe mayai. Ganda lina vitundu vidogo sana na juu yake kuna utando unaozuia vijidudu visiingie, ukiosha umeutoa. Machafu sana au yenye nyufa usiweke kabisa.

Sasa kwenye kutunza mayai kabla ya kuweka, hapa watu hawaelewi. Yai likitagwa kifaranga kimeshaanza, kwa sababu mbegu ya jogoo inakutana na kiini ndani ya kuku, yapata siku moja kabla ya kutagwa, ndipo ganda linatengenezwa. Yaani unaposhika yai la moto asubuhi, lile doa dogo jeupe juu ya kiini ni maelfu ya chembe hai tayari. Likipoa linalala, halikui. Lakini ukiliacha kwenye chumba cha bati, joto la Dar la Januari, linakua kidogo, usiku linasimama, mchana linakua tena, ukija kuliweka kwenye mashine limeshachoka na linafia njiani mapema. Weka sehemu ya baridi ya wastani, nyuzi 15 mpaka 18 ndo nzuri, ncha nyembamba iangalie chini, yasizidi siku 7. Friji usiweke, inayaua.

Mashine iwashe siku moja kabla na uweke kipimajoto cha pembeni, usiamini skrini peke yake. Yenye feni iwe nyuzi 37.5 hivi. Joto likizidi linaua haraka kuliko likipungua, hilo ulishike. Na umeme: kama huna betri au jenereta usianze, maana moyo wa kifaranga unaanza kupiga siku ya pili tu, kuanzia hapo una viumbe hai humo ndani.

Mayai yageuzwe mara kadhaa kwa siku, la sivyo kijusi kinagandia kwenye utando wa ganda. Siku ya 7 zima taa upige tochi kila yai: lenye uhai utaona mishipa myekundu imetawanyika kama miguu ya buibui, lisilo na kitu linaangaza tupu, lenye pete ya damu limekufa. Toa yaliyokufa yasije yakaoza na kupasukia humo.

Siku ya 18 acha kugeuza, ongeza maji ili unyevu upande kwenye asilimia 65 mpaka 70, funga mlango. FUNGA. Nataka niseme hapa kwa kirefu.

Kuna mama mmoja jirani, mstaafu, alichukua sehemu ya kiinua mgongo akanunua mashine ya mayai 176. Alifuata kila kitu vizuri, tochi ilionyesha uhai karibu kwenye trei zote. Siku ya 20 alfajiri yakaanza kulia ndani ya maganda, mengine yametoboka kidogo, nyumba nzima furaha. Wajukuu wanafungua kuchungulia, majirani wanaitwa, mtu anarekodi video mlango uko wazi, mchana vifaranga wakawa hawajatoka basi akashauriwa awasaidie kubandua maganda kwa kucha. Nilipofika jioni nilikuta beseni la vifaranga vyenye damu kitovuni, vingine kiini cha njano kinaning'inia nje ya tumbo. Vilivyobaki kwenye maganda ute umekauka ukawabana mabawa kama karatasi ya nailoni. Mama akaniambia, "Mwanangu, walikuwa wanalia wote, saa hizi kimya."

Kilichotokea ni hiki. Kwa siku zote kifaranga hapumui kwa mapafu, anapata hewa kupitia mishipa ya damu iliyotandikwa chini ya ganda. Kuelekea siku ya 20 anatoboa kwa mdomo ile nafasi ya hewa upande mnene wa yai, ndo mapafu yanaanza kazi na ndo unamsikia analia. Kisha anatoboa ganda, halafu ANAPUMZIKA, inaweza kufika hata saa 24. Wewe unaona amekwama, kumbe damu inarudi kutoka kwenye ile mishipa na kiini kinamalizikia kuvutwa tumboni kupitia kitovu. Ukimbandua saa hiyo unakata mishipa yenye damu. Na ukifungua mlango unyevu unatoka, utando unakauka, hawezi kuzunguka kujikatia njia. Kwa hiyo mtoto akililia kuchungulia mpeleke nje akacheze, na anayekushauri umsaidie kifaranga kutoka mwambie asante, hapana.

Wakitoka waache humo wakauke, hawana njaa, kile kiini tumboni kinawatosha siku mbili hivi. Bruda, yaani sehemu ya joto ya kulelea vifaranga, iwe imeshapashwa joto, nyuzi 32 mpaka 35 wiki ya kwanza, unashusha kidogo kidogo kila wiki. Chanjo za magonjwa ya kuku panga mapema na mtaalamu wa mifugo wa eneo lako: kideri kwenye siku ya 7, gumboro siku ya 14, zote zinarudiwa, ndui baadaye. Na piga hesabu ya chakula cha miezi, siyo ya wiki, maana kuku wa kienyeji anafika miezi 5 au 6 hivi ndo anataga yai la kwanza. Maji safi, panya uwazibie, wageni wasiingie bandani na viatu vyao, na mashine ya bei ya kutupa ijaribu kwanza na mayai machache kabla hujaijaza.