Serikali ikitoa katazo au bei elekezi ya mazao: namna ya kulichambua kwa jicho la soko huria

Jamani, kila mavuno yakikaribia huku Dodoma maneno ni yale yale, mara bei elekezi, mara vibali, mara mahindi yasivuke mpaka, na watu wanagawanyika palepale, huyu anashangilia yule analaani, kila mtu na chama chake. Mimi naamini soko huria, yaani muuzaji na mnunuzi wapatane bei wenyewe, na sifichi, ila hata wewe usiyeamini maswali haya yatakufaa.

Anza kwa kupata tangazo lenyewe, siyo kile kipande cha video kinachozunguka kwenye magrupu. Jua kama ni sheria, ni kanuni, ni waraka au ni kauli tu ya kiongozi aliyoitoa mkutanoni, maana kuna mahali kauli inaanza kutekelezwa kwenye geti la ukaguzi wa mazao kabla karatasi yoyote haijafika. Ukishalisoma weka nia pembeni. Nia karibu zote ni nzuri, hakuna waziri anayesimama akasema nataka wakulima wafilisike. Wewe uliza kitu kimoja tu, kuanzia kesho asubuhi nani ataacha kufanya alichokuwa anafanya jana?

Chukua Juni 2017. Serikali ilizuia mahindi kutoka nje ya nchi, anayetaka kuuza nje asage auze unga, lengo nchi isipungukiwe chakula. Sasa lipeleke tangazo hilo mpaka Kibaigwa pale sokoni. Mnunuzi aliyekuwa anabeba mzigo kupeleka Kenya hana sababu ya kuja tena, wanabaki wa ndani, na wa ndani wanajua fika kwamba mkulima hana pengine pa kwenda na ada ya shule inamsubiri. Tuseme gunia la kilo 100 lilikuwa elfu 60 likashuka mpaka elfu 40, mkulima wa Kongwa mwenye gunia 20 ameshapoteza laki nne. Hiyo laki nne huikuti kwenye kitabu chochote cha bajeti ila ni kodi kabisa, kailipa yeye peke yake ili mtu wa mjini ale ugali wa bei nafuu. Na usiishie hapo, fuatilia mpaka msimu unaofuata, huyo mkulima anapunguza eka za mahindi au anahamia zao jingine, kwa hiyo kile chakula tulichokuwa tunakilinda ndo kinapungua. Bei za mahindi zilianguka kweli kipindi kile, na katazo baadaye likaondolewa.

Swali linalofuata ni nani analipa na analipa lini. Wengi tunaangalia bei iliyotajwa tunasahau tarehe. Novemba 2018 wakulima wa korosho walikuwa wamegomea bei ya wanunuzi, Rais Magufuli akaamua serikali inunue yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, mpaka jeshi likaingia kusomba. Bei ilikuwa tamu, lakini wakulima wengi walikaa miezi wanasubiri pesa. Huku kwetu kanda ya kati korosho inalimwa Manyoni, hivyo siyo habari ya Mtwara na Lindi tu. Mnunuzi akiwa mmoja na akachelewa kulipa unaenda kwa nani? Wanunuzi wakiwa kumi, huyu akikuzungusha unamgeukia mwingine.

Halafu msinielewe vibaya, soko huria siyo serikali ikalale. Ona lumbesa: mkulima anajaza gunia mpaka linapita mdomo wake, linaongezewa juu na kushonwa kwa kamba, halafu analipwa bei ya gunia moja. Hapo mtu anaibiwa mchana kweupe. Bei haiwezi kufanya kazi kama kipimo hakiaminiki, kwa hiyo Wakala wa Vipimo wakija na mizani wapigiwe makofi, na mikataba ilindwe, na barabara za kutoka shambani zipitike masika. Hizo ndo kazi tunazotaka serikali ikazane nazo.

Na ikifanya vizuri semeni. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 mpaka 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Kwa lile gunia la elfu 60 ni kutoka 3,000 kuja 1,200, pesa hiyo inabaki kwenye mzunguko. Ushuru huo ukilipia getini unapewa risiti, na hiyo risiti usiitupe kamwe, ndo ushahidi wa ulichotozwa.

Sehemu ngumu ni kujikagua wewe mwenyewe pale sera inapokufaidisha. Singida, Kondoa, Mpwapwa tunalima alizeti, na tunapenda mafuta ya kula ya nje yatozwe ushuru mkubwa, mwaka 2018 ulipandishwa mpaka asilimia 25 kwa mafuta ghafi na 35 kwa yaliyosafishwa. Mkulima anapumua, sawa. Lakini mama ntilie wa Majengo anayekaanga chipsi na maandazi ndo anayelipa hiyo tofauti kila siku, na yeye hana wa kumsemea. Ukiunga mkono ushuru huo useme wazi kwamba unamtoza yeye, na uulize pia kama shida yetu siyo mbegu duni na mashine za kukamua zinazoacha mafuta mengi kwenye mashudu.

Ukimaliza kuchambua usiishie kubishana kijiweni. Mwezi Juni Kamati ya Bunge ya Bajeti hukaribisha maoni ya wadau kuhusu Muswada wa Sheria ya Fedha, ule unaobadilisha kodi na tozo za mwaka, na sisi Bunge liko hapa hapa mjini, daladala tu. Andika ukurasa mmoja usizidi, taja kifungu kwa namba, sema nani kitamgusa, weka hesabu ya gunia moja kuanzia shambani mpaka sokoni, ambatanisha nakala za zile risiti, kisha andika kifungu unavyotaka kisomeke. Uwahi, maana Julai 1 mwaka mpya wa fedha unaanza na sheria inakuwa imeshapita.