Faili la mtoto linapoombwa na ofisi nyingine

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, na haipiti wiki bila simu kutoka dawati la jinsia na watoto la polisi, hospitali au shule: "Dada, nitumie faili la yule binti." Faili zima situmi. Kwanza naomba barua yenye mhuri, ikitaja taarifa zipi zinatakiwa na kwa kazi gani. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, "tunazihitaji tu" si sababu.

Kisha chukua karatasi safi, uandike kinachohitajika pekee. Mwalimu mkuu anahitaji kujua mtoto atarudi lini darasani na nani aruhusiwe kumchukua, kilichompata hakimhusu. Majibu ya kipimo cha VVU usiyaguse, yana sheria yake ya 2008.

Mlezi mweleze mapema, kwa lugha ya nyumbani, nani atasoma nini. Kama ndiye anayetuhumiwa, usalama wa mtoto unatangulia. Sababu ya kutomweleza iandike kwenye faili.

WhatsApp, hapana. Niliwahi kuona picha ya PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa hospitali, ikizunguka kwenye grupu la kazi, jina la mtoto likisomeka juu kabisa. Hadi jioni mtaa mzima ulijua. Mama yake alihama.

Bahasha ifunge, andika SIRI, ipeleke kwa mkono. Mpokeaji asaini kwenye daftari la dispachi: jina, tarehe, kurasa ngapi.