Kupiga kafi kwa kundi katika hori ya Mida: tunavyojipanga

Mtu akinipigia simu kutaka kujiunga na matembezi yetu ya kayaki ya Jumamosi, huanza kwa kuuliza, "Twaondoka saa ngapi?" Nami humwambia angoje kwanza niutazame mwezi. Hori ya Mida, hapa kusini mwa Watamu katika pwani ya Kenya, hujazwa na kukaushwa na bahari mara mbili kwa siku kupitia mlango mmoja mwembamba. Anayepanga safari kwa saa ya ukutani peke yake atawaacha wenzake kwenye tope.

Kwa hiyo anza na maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani yetu hujaa kama saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni, na hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Ukifika Mida asubuhi kama hiyo utakuta uwanja wa tope, kaa wakikimbilia mashimoni. Juma moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Kujaa na kupwa hakupishani sana, mkondo hauna nguvu, na maji hufika kileleni kama saa nne au saa tano asubuhi. Hizo ndizo siku ninazowachukua wanaoanza. Ukijua ya leo utajua ya kesho, kwa kuwa kila siku kujaa huchelewa kwa dakika kama 50. Hata hivyo thibitisha kwa jedwali la maji la bandari ya Mombasa, na ukumbuke kwamba ndani ya hori maji huchelewa kidogo kuliko baharini.

Sisi huingia majini saa mbili kabla ya kilele, upande wa Dabaso, tukayafuata maji yanayojaa hadi ndani kwenye mikoko. Yakisimama tunapumzika, yakigeuka yanatusaidia kurudi. Mlangoni mwa hori siwapeleki wageni kabisa, maana pale mkondo hukaza na kuelekea bahari kuu. Upepo nao usiusahau. Majira ya kusi huanza kuvuma kwa nguvu jua likishapanda, basi nataka kila mtu awe nchi kavu kabla ya adhuhuri.

Nilijifunza haya kwa njia ngumu. Mwaka wangu wa kwanza kuongoza, maji yalikuwa yanajaa saa mbili asubuhi na sisi tulipatana tuanze saa moja. Wawili wakachelewa, nikawangoja, tukaingia majini saa tatu kasoro robo. Mzee mmoja mvuvi akapita na mtumbwi wake. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Mwaenda wapi na maji yarudi?" Akanionyesha kwa upondo wake mzizi wa mkoko. Juu ya maji palikuwa na ukanda mweusi, mbichi, upana wa vidole vinne, na ndani yake konokono wadogo walikuwa bado waking'aa kwa unyevu. Juu ya ukanda ule mzizi ulikuwa mkavu, umepauka. Nilimshukuru, kisha nikaendelea na safari. Ilipofika saa nne na nusu tulikuwa tumekwama kwenye fungu la tope, tunazivuta kayaki tope likitufika magotini. Kijana mmoja alivaa malapa. Moja ilimezwa na tope, na chaza za kwenye mizizi zikampasua unyayo. Damu yake ndiyo iliyonifundisha: tangu siku hiyo simngoji mtu zaidi ya robo saa, na kabla ya kuanza nawaonyesha wote mzizi wa mkoko, wajisomee wenyewe kama maji yanapanda au yanashuka.

Vaa raba za zamani zenye kamba. Vaa mikono mirefu, na uje na kofia inayofungwa kidevuni na lita mbili za maji ya kunywa. Kina mama na dada zangu huwaomba waliache dera ufukweni, kwa sababu likilowa huwa zito na huzinga miguuni mtu akianguka. Suruali nyepesi na fulana ndefu zinatosha. Anayevaa hijabu achague ile ya kuvuta, isiyo na pini. Jaketi la kuokolea linavaliwa na kufungwa na kila mtu, hata aliyezaliwa baharini. Lipime hivi: mwenzako alishike mabegani alivute juu. Likikufika masikioni, kaza mikanda.

Kabla ya kwenda popote, tunapinduka. Maji yakiwa kifuani, kila mmoja aiangushe kayaki yake na aipande tena. Izungushe ikae sawa, ishike kwa mikono miwili ukiwa ubavuni, acha miguu ielee nyuma yako, piga mateke kwa nguvu na ujirushe ulalie tumbo juu yake. Ukishatulia geuka ukae, miguu iingie mwisho. Wengi hukosea kwa kujaribu kupiga goti, nayo kayaki huwageukia tena. Nimeona watu wazima waliokuja na hofu usoni wakibadilika kabisa baada ya kupanda mara ya tatu, na hilo hunifurahisha kuliko safari yenyewe.

Kupiga kafi si kazi ya mikono. Kaa wima, zungusha kiwiliwili, chovya kafi karibu na vidole vya miguu na ulitoe likifika nyongani. Kayaki ya watu wawili, mwenye nguvu akae nyuma na afuate mapigo ya aliye mbele.

Kundi letu halizidi watu 12. Mbele yuko kiongozi, nyuma yuko tunayemwita mkia, mzoefu ambaye hampiti mtu yeyote. Wa mbele huenda kwa mwendo wa aliye mchovu zaidi, na kila tukifika kona ya mikoko tunasimama tuhesabiane. Kafi likiinuliwa wima, njooni. Likishikwa kwa upana juu ya kichwa, simameni. Filimbi mara tatu, kuna shida.

Mida imo katika hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyowekwa mwaka 1968, kwa hiyo lipieni mapema kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Msishike matawi ya mikoko, zungukeni nyavu kwa mbali, na kati ya Septemba na Aprili wapeni nafasi ndege wa safari wanaopumzika mafunguni. Wamekuja kutoka mbali sana, na kila wanaporushwa hupoteza nguvu watakazohitaji kurudi.

Ufukweni huacha karatasi ya majina kwa mtu mmoja mwenye simu, pamoja na saa ya kurudi. Tukirudi, makafi yanasuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi na majaketi yanaanikwa kivulini. Mimi huenda kwa mwenye karatasi, tukapiga alama jina kwa jina, na kila anayetajwa huitika mwenyewe.