Umenunua gari ya mkononi? Taimingi belti ubadilishe lini

Kabla hujawaza rimu wala redio kwenye gari uliyonunua jana, fungua boneti utafute stika. Wajapani wana tabia nzuri sana, gereji ikibadilisha taimingi belti, ule mkanda wa raba wa injini unaofanya pistoni na valvu ziende sawa, inabandika kikaratasi kwenye kava la injini au sehemu ya karibu na hapo, kina maandishi ya kwao ambayo wala huhitaji kuyajua, wewe angalia namba tu, tarehe na kilomita. Ila hapo kwenye tarehe ndo watu wengi wanapotea. Kwenye Noah yangu kilisomeka 24, halafu 6, halafu 98,500, na muuzaji akaniambia kwa uhakika kabisa hiyo ni 2024, mkanda bado mpya. Nikaangalia kadi, gari imesajiliwa hapa nchini 2015! Stika ya Kijapani ya 2024 itatoka wapi? Wenzetu wanahesabu miaka kwa utawala wa mfalme wao, 24 ile ni ya enzi ya Heisei, unajumlisha 1988 unapata 2012. Enzi ya sasa ni Reiwa, imeanza 2019, hiyo unajumlisha 2018, kwa hiyo Reiwa 3 ni 2021. Mkanda "mpya" ulikuwa umeshapita miaka 10, niliubadilisha wiki ileile.

Sasa kwanza ujue kama gari yako ina mkanda au cheni inayofanya kazi hiyohiyo, maana kuna watu wanauziwa belti wakati gari haina. Vitz, IST, Premio za injini ya 1NZ na 1ZZ, RAV4 na Noah za injini ya 1AZ, zote cheni, hizo we badilisha oili kwa wakati na usikilize kama cheni inapiga kelele asubuhi. Zenye mkanda ni Noah na RAV4 za zamani za 3S, Carina za 5A na 7A, Mark II GX110 na Altezza za 1G, Forester za EJ20, na dizeli za Toyota kama 5L, 1KZ, 1HZ na 1KD. Soma kodi ya injini kwenye kadi au kwenye kibati kilichopo kwenye boneti, usikadirie kwa jina la gari.

Kawaida inayotajwa kwa nyingi kati ya hizi ni kilomita 100,000. Mimi kwa gari ya mkononi siifuati hiyo. Kilomita za dashibodi zinarudishwa, hilo tunalijua wote, halafu foleni za Dar unaweza kukaa masaa mawili injini inanguruma mkanda unazunguka na kilomita zimeongezeka nane tu. Raba nayo inazeeka kwa joto hata gari ikiwa imepaki. Kwa hiyo mimi nahesabu 80,000 au miaka 6, kinachotangulia ndo hichohicho, na kama huna stika wala risiti yenye kilomita, hesabu kwamba haijawahi kubadilishwa, ubadilishe sasa. Neno la muuzaji "nilibadilisha mwaka jana" bila karatasi usilipe uzito hata kama ni ndugu yako, si kwamba anadanganya, watu wanachanganya sana taimingi belti na mkanda wa altaneta.

Kuna mafundi watafungua kava la juu, bolti za namba 10 chache tu, wanamulika tochi wanasema huu bado mzima. Ukiona nyufa, nyuzi zimetoka pembeni, meno yameliwa au kuna oili imelowesha, hapo jibu umepata, badilisha leo. Lakini ukiuona msafi bado haujakuhakikishia chochote, mikanda mingi inakatika ikiwa haina ufa hata mmoja wa kuonekana kwa macho.

Wenye dizeli mna taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Ile haipimi mkanda jamani, inahesabu kilomita tu, ikifika muda inawaka. Mtu anaweza kubadilisha mkanda asiirudishe sifuri, au akairudisha bila kubadilisha mkanda. Washa swichi bila kupiga stata, T-BELT inatakiwa iwake pamoja na taa nyingine halafu izime, kama haiwaki kabisa jiulize nani kachomoa balbu na kwa nini.

Kuhusu haraka yenyewe, inategemea injini. 3S-FE, 5A-FE na 7A-FE mkanda ukikatika gari inazima tu, unavutwa, unafunga mwingine, maisha yanaendelea. 1G yenye VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka), EJ20 na hizo dizeli, pistoni inakutana na valvu. Shemeji yangu alikuwa na GX110, ilimzimikia barabarani karibu na Chalinze saa tatu usiku na watoto ndani, silinda hedi ilipofunguliwa valvu zilikuwa zimepinda, alilipa pesa ambayo ingenunua mkanda mara nyingi tu. Kama una moja ya hizi na huna ushahidi, usisafiri nayo mkoani kabla hujabadilisha.

Ukienda kununua spea chukua seti, usichukue mkanda peke yake. Beringi ya tensheni na ile rola nyingine zikikwama zinaukata mkanda mpya vilevile. Kwenye 3S na EJ20 wota pampu inazungushwa na mkanda huuhuu, kwa hiyo ibadilishe hapohapo pamoja na sili za krenki na kemshafti, maana ufundi wa kufungua ni uleule na hutaki kulipa mara mbili. Fundi akimaliza kufunga mwambie azungushe krenki kwa spana, kwa mkono, raundi mbili kamili, halafu akuonyeshe alama za krenki na kemshafti zimekaa sawa, ndo apige stata. Mkanda wa zamani udai, uuone.

Mwisho chukua makapeni uandike juu ya kava tarehe na kilomita, mwaka uandike kamili, tarakimu zote nne.