Smuthi ya Embe, Nanasi na Pasheni: Nzito Bila Barafu, Tamu Bila Sukari

Smuthi nyingi za nyumbani huwa zimeshaharibika kabla blenda haijawashwa. Embe lilikuwa bado gumu, au lilikuwa zuri likazamishwa kwenye barafu na maji. Matokeo yake ni glasi yenye povu juu, maji chini, na ladha iliyopooza katikati. Barafu hupoza kwa muda mfupi, kisha huyeyuka na kubaki maji tu. Kwa hiyo hapa hatutumii barafu kabisa. Tunagandisha matunda yenyewe, na kimiminika kinakuwa kile tu ambacho blenda haiwezi kufanya kazi bila hicho.

Kwa glasi mbili kubwa, za mililita 300 hivi kila moja, tayarisha:

- Embe bivu, vipande vilivyogandishwa: gramu 250 (kikombe kimoja na nusu)
- Nanasi, vipande vilivyogandishwa: gramu 120 (robo tatu ya kikombe)
- Ndizi mbivu 1, imemenywa, imekatwa na kugandishwa: gramu 100
- Pasheni 4, zitakazotoa takriban mililita 50 za juisi iliyochujwa
- Maji baridi, maji ya dafu au juisi ya chungwa: mililita 150
- Maji ya ndimu: kijiko cha chai 1
- Chumvi: kiasi kinachoshikika kwa ncha za vidole viwili

Embe ndilo mwili wa kinywaji hiki. Nanasi linaleta uchachu, pasheni inaleta harufu, na ndizi inashikanisha vyote visitengane. Ukiondoa ndizi, weka robo ya parachichi. Usizidishe hapo, maana parachichi likizidi hufunika harufu ya pasheni na kinywaji kinakuwa cha mafuta mafuta.

Kuchagua matunda

Usilihukumu embe kwa rangi ya ganda. Yapo maembe yanayoiva yakiwa bado ya kijani, na yapo mekundu ambayo ndani ni magumu na machachu. Nusa pale kikonyo kilipokuwa: embe lililoiva hunukia hata kabla ya kukatwa. Kisha libonyeze taratibu kwa kiganja, si kwa ncha ya kidole. Linapaswa kubonyea kidogo bila kubaki na shimo. Kama embe lako lina nyuzi nyingi, bado linafaa, ila lisage peke yake na kile kimiminika na ulipitishe kwenye chujio kabla ya kuchanganya. Hapo utakuwa umelitumia bila kuligandisha, basi zidisha nanasi na ndizi iliyoganda ili ubaridi usipotee.

Nanasi ni tofauti na embe kwa jambo moja muhimu. Embe likichumwa likiwa limekomaa linaendelea kuiva, kwa sababu lina wanga unaogeuka kuwa sukari. Nanasi halina akiba hiyo ya wanga. Likishakatwa shambani, utamu lilionao ndio huo huo. Ukiliweka litalainika na kubadilika rangi, lakini haliongezeki utamu. Kwa hiyo nunua lililokwisha kuiva: zito mkononi, lenye harufu nzuri upande wa chini. Likinukia kama pombe, limepita wakati wake.

Ndizi iwe na madoadoa ya kahawia kwenye ganda. Ndizi yenye ukijani bado ina wanga mwingi na ukakasi, na ukakasi huo hausagiki. Utaukuta kwenye ulimi. Pasheni iliyokunjamana ganda ni tamu kuliko ile laini inayong'aa, alimradi bado ni nzito. Ikiwa nyepesi, imekauka ndani.

Kuosha, kukata na kugandisha

Osha kila tunda kabla ya kulikata, hata lile ambalo ganda lake utalitupa. Kisu kinapopita kwenye ganda chafu hubeba vijidudu hadi kwenye nyama ya tunda, na smuthi haipiti motoni. Kwa sababu hiyo hiyo, maji unayoongeza yawe yale unayoyaamini kwa kunywa.

Kata embe pande mbili kando ya kokwa, chora miraba ndani bila kutoboa ganda, kisha kwangua kwa kijiko. Wapo ambao ngozi yao huwashwa na utomvu wa embe, hasa ule wa karibu na kikonyo; wakate kidogo upande huo, waache utomvu utiririke, kisha waoshe tena. Nanasi limenywe na macho yaondolewe yote, kwani yakibaki huleta chembe ngumu. Moyo wa nanasi unaweza kusagwa na blenda yenye nguvu. Kama yako ni ndogo, utoe.

Vipande vyote viwe vya sentimita 2 hivi. Vikubwa zaidi ya hapo vinakwama kwenye visu vya blenda. Vitandaze kwenye sinia, safu moja, visigusane, na uviweke kwenye friza kwa saa 4. Vikishaganda ndipo uvitie kwenye mfuko, utoe hewa na kufunga. Ukivitia vyote kwenye mfuko vikiwa bado vibichi, vitashikana na kuwa bonge moja, na bonge hilo utalivunja kwa nyundo. Kwenye friza ya -18°C vinakaa miezi mitatu bila kupoteza ladha ya maana. Ndizi imenywe kabla ya kugandishwa: ikiganda na ganda lake, ganda hugeuka jeusi na kunata, na kulitoa ni kazi.

Pasheni haziendi kwenye sinia. Zipasue, kwangua mbegu na maji yake kwenye chujio, kisha sugua kwa mgongo wa kijiko mpaka zibaki mbegu tupu. Usiziache zisagwe na matunda mengine. Mbegu zikivunjika, smuthi inakuwa na chembe nyeusi zinazokwaruza koo. Ukiwa na pasheni nyingi za msimu, chuja zote mara moja na ugandishe juisi kwenye vile vibati vya kutengenezea barafu.

Kusaga

Mpangilio ndani ya jagi una maana kubwa. Anza na kimiminika, juisi ya pasheni, ndimu na chumvi. Kisha weka ndizi. Juu kabisa weka embe na nanasi lililoganda. Visu vinaanza kuzunguka ndani ya maji, vinapata mwendo, halafu vinavuta matunda magumu kwenda chini kidogo kidogo. Ukianza na vilivyoganda, visu vinazunguka ndani ya shimo la hewa, mota inalia na juu hakitikisiki kitu. (Kwa zile blenda ndogo za chupa ambazo hugeuzwa juu chini, mpangilio nao unageuzwa: vilivyoganda kwanza, kimiminika mwisho.)

Washa kwa mwendo wa chini sekunde 20, kisha mwendo wa juu sekunde 40 hadi 60. Sikiliza. Mwanzoni utasikia vipande vikigonga jagi, baadaye sauti inatulia na kuwa moja, na katikati ya jagi panatokea kama kisima kinachozunguka. Hapo imeiva, zima. Ukiendelea, unaingiza hewa na joto tu, na povu huanzia hapo.

Ikikwama katikati, usikimbilie kumimina maji. Zima, chomoa waya, koroga kwa mwiko kuondoa hewa iliyonaswa juu ya visu, funika na ujaribu tena. Ikikataa ndipo uongeze vijiko vikubwa 2 vya kimiminika, si zaidi kwa mara moja. Mtu anayemimina kwa kukisia hujikuta na juisi, na juisi hairudi kuwa smuthi bila matunda mengine yaliyoganda.

Blenda zenye mota dogo, za wati 300 au 350, zinahitaji kuhurumiwa. Toa matunda kwenye friza dakika 10 kabla, saga nusu ya vipimo kwa zamu, sekunde 30 kisha pumzisha dakika moja. Ukisikia harufu ya kuungua, zima mara moja na uache mota ipoe kabisa. Hiyo ni dalili kwamba mzigo umezidi, na kuilazimisha ndiyo njia ya kuiua.

Onja, kisha rekebisha

Ubaridi hupunguza utamu ulimini. Mchanganyiko uliokuwa mtamu sana ukiwa wa kawaida unaweza kuonekana wa wastani ukiwa baridi, ndiyo maana matunda yawe yameiva sawasawa. Kabla ya kuwaza sukari, jaribu chumvi kidogo zaidi: huzima uchungu na utamu unajitokeza. Ikiwa imepooza, ongeza matone ya ndimu. Ikiwa chachu mno, ongeza nusu ya ndizi au tende mbili zilizolowekwa na kutolewa kokwa. Asali ukiitaka, ikoroge kwanza kwenye kimiminika. Ikiangukia kwenye matunda yaliyoganda inagandamana na kunata kwenye jagi. Na mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 asipewe asali kabisa, kwani inaweza kuwa na bakteria wanaoleta sumu kwenye utumbo wake mchanga.

Maziwa, mtindi na tui

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa huonekana baada ya muda, si papo hapo. Nanasi bichi lina vimeng'enya vinavyoitwa bromelaini, na papai lina papaini. Vyote viwili hukatakata protini. Ukisaga nanasi na maziwa, mwanzoni ladha ni nzuri. Kadiri inavyokaa, protini za maziwa zinavunjwavunjwa na vipande vyake ni vichungu. Watu husema maziwa yameharibika au nanasi lilikuwa bovu, kumbe vyote vilikuwa salama. Kugandisha hakuviui vimeng'enya hivyo, hupunguza kasi yake tu. Joto huviua: vipande vya nanasi vikichemshwa dakika 5 mpaka vipate moto hadi ndani, kisha vikapozwa na kugandishwa, vitakaa na maziwa bila shida. Nanasi la kopo nalo halina tatizo hili kwa sababu lilishapita motoni, ingawa harufu yake si ile ya nanasi bichi.

Pasheni ina shida nyingine. Uchachu wake hukatisha maziwa mabichi na kuyafanya madonge madogo. Mtindi hauna madonge mapya ya kuleta, kwa kuwa ulishaganda kwa uchachu wake wenyewe. Kwa hiyo kwa mapishi haya, ukitaka ladha ya maziwa, badilisha mililita 100 za kimiminika kwa mtindi mzito usio na sukari, na unywe mara moja kwa sababu ya lile nanasi. Ukitaka kuitunza, toa nanasi na uweke embe zaidi.

Tui la nazi linakwenda vizuri sana na embe, lakini tumia tui jepesi. Mafuta ya nazi huanza kuganda chini ya takriban 24°C, na tui zito likikutana na matunda ya friza huacha punje nyeupe za mafuta zinazoganda kwenye midomo. Ukiwa na tui zito tu, vijiko vikubwa 3 vinatosha. Kinachobaki kiwe maji.

Ukiwa na papai badala ya embe

Weka papai gramu 250, ondoa mbegu zote kwa sababu zina ukali kama wa pilipili, na uongeze ndimu ifike kijiko kikubwa 1. Papai lina harufu nzito isiyopendwa na kila mtu, na ndimu ndiyo inayoituliza. Kipande cha tangawizi cha sentimita 1 kinalifaa pia. Kikwangue kwanza, vinginevyo utameza nyuzi zake.

Ikikaa

Smuthi yoyote hutengana ikisimama, kwa kuwa nyuzinyuzi za matunda hupanda na mapovu na maji yanashuka. Ikitokea baada ya nusu saa si kosa, itikise. Ikitokea baada ya dakika tano, kimiminika kilizidi au ilisagwa muda mrefu mno. Ikigeuka kahawia, ni ndizi au parachichi limekutana na hewa. Ni salama, na ndimu huchelewesha hali hiyo.

Ile ya kutunza ijaze chupa hadi mdomoni ili hewa isibaki, ifunike na iingie kwenye friji ya 4°C au chini yake, inywewe ndani ya saa 24. Isikae mezani zaidi ya saa mbili. Kwa siku za haraka, usitunze smuthi iliyosagwa, tunza mifuko. Kila mfuko uwe na gramu 250 za embe, 120 za nanasi na ndizi moja, vimeshapimwa na kuganda. Asubuhi unaongeza kimiminika na juisi ya pasheni, unasaga dakika moja.

Blenda uioshe papo hapo kabla nyuzi hazijakauka: maji ya uvuguvugu nusu jagi, tone la sabuni, washa sekunde 30, suuza. Kisha fungua kitako na utoe ule mpira wa duara chini ya visu. Mabaki hujificha hapo na kuvunda, na smuthi ya kesho huchukua harufu yake.