Kifaa kimewashwa, mtoto haongei: fanya hivi nyumbani

Mimi ni fundi redio hapa Morogoro, na binti yangu aliyezaliwa kiziwi amepandikizwa kifaa cha kusikia, kile wanachokiita cochlear implant. Watu wa mtaani walipoona kile kiduara kimenata kichwani kwa binti yangu, walisema fundi sasa kamfungia mtoto redio. Nilicheka, maana hawakuwa mbali na ukweli. Ila redio ukiiwasha inaongea papo hapo. Binti yangu alipowashiwa kifaa alilia, akalala, kisha miezi saba ikapita bila neno hata moja. Nakuandikia wewe mzazi mwenzangu uliyemo ndani ya miezi hiyo.

Amechukua jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo mimi humwita Mama. Alipandikizwa kifaa Muhimbili akiwa na miaka 2 na mwezi mmoja. Kabla ya 2017 watoto wetu walipelekwa India kwa upasuaji huo. Siku hizi unafanyika hapa hapa nchini. Lakini kwenda Dar kurekebishiwa kifaa ni siku chache kwa mwaka. Siku nyingine zote ni zako, jikoni, bafuni, na kwetu sisi kwenye meza yangu ya kazi.

Kwanza elewa kilichomo kichwani mwa mwanao. Ndani ya sikio kuna koklea, kitu kilichojizungusha kama gamba la konokono, chenye vijinywele zaidi ya elfu kumi vinavyogeuza mtikisiko wa sauti kuwa umeme wa mshipa wa fahamu. Kwa Mama vijinywele hivyo havikufanya kazi tangu kuzaliwa. Kifaa kinavipita pembeni: maikrofoni iliyo nyuma ya sikio inanasa sauti, prosesa inaichambua, kiduara chenye sumaku kinairusha kupita ngozi kwa mawimbi ya redio, na ndani kuna uzi mwembamba wenye vituo 12 hadi 22, kutegemea kampuni, vinavyousisimua mshipa moja kwa moja. Elfu kumi na kitu dhidi ya ishirini na mbili. Ubongo unahitaji muda mrefu kujifunza kwamba ule mchakarisho ni sauti ya baba yake.

Kwa hiyo hesabu umri upya. Siku ya kuwashwa ndiyo siku ya kuzaliwa masikio. Mama alipotimiza miaka 3 tangu azaliwe, masikio yake yalikuwa na miezi kumi tu, na mtoto wa miezi kumi nani anamdai sentensi? Shangazi yake alikuwa anamlinganisha na mtoto wa jirani kila akija. Nilimwandikia umri wa masikio kwa makapeni ukutani ili asiniulize tena.

Sheria ya pili ni ngumu kuliko zote: macho yakifunguka, kifaa kichwani, kitoke wakati wa kuoga na kulala tu. Mama alikuwa anakichomoa na kukitupa, mara moja akakitumbukiza kwenye ndoo ya dagaa. Mke wangu akamshonea kofia nyepesi yenye kamba ya kufunga kidevuni, na mimi nikakifunga kifaa kwa uzi na kibanio kwenye kola ya gauni. Akikitoa, tunakirudisha bila ugomvi, bila kumkaripia, hata mara thelathini kwa asubuhi. Baada ya wiki tatu hivi alichoka yeye. Lakini kama anakitoa kila mara unapoongea kwa nguvu, au anafinya macho sauti ikija, huo si utundu: sauti ya kifaa imewekwa juu mno, mrudishe kwa mtaalamu wa usikivu.

Sasa kipimo cha kila asubuhi. Kuna sauti sita alizozipanga Daniel Ling, mtaalamu wa watoto viziwi, kuanzia nzito hadi nyembamba: mmm, uu, aa, ii, shh, sss. Zinakaa vizuri kabisa katika Kiswahili. Mimi nakaa ubavuni kwake, upande wa kifaa, ili asisome midomo. Yeye anashika nati sikioni, na akisikia sauti anaidondosha kwenye kopo la maziwa ya unga. Changanya mpangilio na nyamaza kwa muda usiolingana, la sivyo mtoto anakariri mdundo wako na kudondosha nati hata usiposema kitu. Mama alinidanganya hivyo siku nne.

Akikosa sauti moja, usimlaumu mtoto. Kuna kipindi alikosa "shh" na "sss" karibu wiki tatu. Nikasema amechoka, mara ana kiburi. Kumbe kifuniko cha maikrofoni kilikuwa kimeziba kwa jasho na vumbi. Mimi, fundi! Redio ya mteja ningeifungua siku ile ile. Sasa nakagua kwa utaratibu wa kibandani: betri kwanza, halafu waya, halafu kifuniko cha maikrofoni, kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja narudia sauti. Kama unatumia betri za vidonge za zinki, ukibandua stika iache ipate hewa dakika chache kabla ya kuiweka. Usiku kifaa kinalala kwenye chombo chenye mfuko wa chumvichumvi ya kukausha unyevu. Msimu wa mvua Morogoro hauna mchezo.

Halafu umbali. Ukiongeza umbali mara mbili, sauti yako inapungua takriban desibeli 6, na feni haipungui. Kwa hiyo usimwite mtoto kutoka uani ukategemea miujiza. Sogea, chuchumaa, ongea kwa sauti yako ya kawaida. Ukipiga kelele unazikunja sauti, na ukinong'ona unaziua irabu. Zima televisheni. Mvua ikipiga bati, acha masomo, mkumbatie mtoto muangalie mvua.

Nije kwenye maneno yenyewe. Kosa letu la mwanzo lilikuwa kumhoji: "Hii nini? Sema kikombe. Sema!" Mtoto akawa anatukimbia. Swali la "hii nini" halimpi chochote, linamdai tu. Badala yake tukaanza kutangaza maisha kama mtangazaji wa mpira. "Namenya kitunguu. Kitunguu kinawasha! Nakata kitunguu. Mafuta yako wapi? Mafuta haya hapa." Neno moja lirudi mara tano, kila mara mahali tofauti kwenye sentensi. Na utangulize sauti, kitu kifuate. Sema "tunakwenda kuoga" kabla hujashika taulo. Ukionyesha taulo kwanza macho yanamaliza kazi na masikio yanabaki likizo.

Kisha subiri. Ukisema jambo linalohitaji jibu, hesabu kimoyomoyo hadi kumi huku unamtazama kama mtu anayedai chenji. Mimi nilikuwa nafika tatu nakata tamaa. Majibu mengi ya Mama yalikuja kwenye saba na nane.

Kiswahili kimetupa zawadi ambayo sikuwahi kuithamini tangu nitoke shule, tanakali sauti. Kitu kizito kikianguka ni pu! Jiwe majini ni chubwi! Kijiti kikivunjika ni kacha! Mlango umefungwa ndi! Ni fupi, zina nguvu, zimefungamana na tukio, na mtoto anaweza kuziiga kabla ya maneno marefu. Mezani kwangu bisibisi haikosi kuanguka, na kila ikianguka nasema "Pu! Bisibisi imeanguka." Mwezi wa nane nikadondosha koleo, na kabla sijafungua mdomo, chini ya meza pakatoka "pu!" Hilo ndilo neno lake la kwanza. Mke wangu hakuamini mpaka nikaangusha koleo mara sita.

Kwa kutofautisha maneno, anza na yanayotofautiana urefu. Weka embe na tikitimaji mezani, sema jina moja, aguse. Hata asiposikia vizuri kila sauti atasikia kwamba moja ni refu. Akizoea, sogea kwenye urefu sawa wenye irabu tofauti, kuku na kaka. Paka na taka, zinazotofautiana konsonanti moja tu, ziache mwisho. Kwetu zilichukua zaidi ya mwaka.

Kuna mtego wa Kiswahili ambao hakuna aliyenionya. Mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, na sehemu kubwa ya sarufi tumeirundika mwanzoni mwa neno, mahali pasipo na nguvu. Mtu akisema "kikombe kimeanguka", kinachogonga ni "kombe" na "nguka". Mama alikuwa anasema "kombe anguka", na tofauti ya kikombe na vikombe, iliyo kwenye konsonanti moja, ilimpita kabisa. Dawa si kumkosoa. Mpokee, kisha umrudishie sentensi nzima: "Eeh, kikombe kimeanguka! Kimevunjika? Hakijavunjika, kikombe kizima." Hizo ki- sita umezipanda bila kumsimamisha. Ziendelee kupandwa kila siku, na usitegemee mavuno mwezi huo.

Wapo watakaokuambia usithubutu kumwonyesha mtoto ishara, eti atakuwa mvivu wa kuongea. Nilitii miezi michache nikaacha. Kifaa kikiwa nje, bafuni au usiku wa manane akiwa na homa, binti yangu ni kiziwi kama alivyozaliwa. Nimweleze kwa njia gani? Tulianza na ishara zetu za nyumbani, kisha tukajifunza kidogokidogo Lugha ya Alama ya Tanzania. Kibandani, kifaa kikiwa kichwani, tunatanguliza sauti. Kikitoka, mikono inafanya kazi. Uvivu sijauona.

Mambo machache ya usalama, haraka. Hakikisha amepata chanjo ya nimonia inayozuia pia homa ya uti wa mgongo, maana waliopandikizwa wako kwenye hatari zaidi. Homa kali pamoja na shingo kukakamaa ni kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Mtoto akipelekwa kwenye kipimo cha MRI, ile mashine ya picha yenye sumaku kali, sema mapema kwamba ana sumaku kichwani. Akiangukia upande wa kifaa pakavimba, usikande, mpeleke akaangaliwe.

Na mwachie muda wa kusikia yasiyomhusu. Watoto wenye masikio mazima huokota maneno ya watu wazima wanaopiga soga. Wetu hukosa hayo kwa sababu ya umbali na kelele. Mimi nilimwekea kigoda karibu na mlango wa kibanda, upande usio na barabara, na wateja nikawaomba waje kaunta badala ya kunipigia kelele kutoka nje. Sikumfundisha kitu pale. Alikuwa anapanga nati kwa ukubwa huku watu wanaleta redio zao na mimi nawajibu yale yale ya kila siku.

Akiwa na miaka miwili na nusu ya masikio, mchana mmoja nabishana na mteja kuhusu bei ya spika, nikahisi suruali inavutwa. Mama ameshakivua kifaa, amekiweka kiganjani, ananinyooshea.

"Baba, betri imekufa."

Ile i- ikiwa mahali pake, na kwa lafudhi yangu kabisa ya kumwambia mteja habari mbaya. Aliyasema hayo bila kusikia hata sauti yake mwenyewe. Mteja alisubiri. Nilibandua stika ya betri mpya, nikahesabu dakika, nikamnatisha kiduara, nikakaa ubavuni kwake nikasema "sss". Akadondosha nati koponi.