Kukausha muhogo kwa ajili ya nguruwe na kuku

Juzi nimemaliza kumsaidia mama jirani, hapa Arua, Uganda, kuanika muhogo wake wa kwanza wa mifugo. Tulifanya hivi.

1. Ng'oa unaoweza kuumaliza siku hiyohiyo. Ukilala siku mbili tatu huanza michirizi myeusi ndani. Kilo 3 za mbichi hutoa kama kilo 1 kavu.

2. Menya, osha. Maganda yana sumu nyingi ya sianidi kuliko muhogo wenyewe, kwa hiyo nguruwe wasipewe mabichi.

3. Parua kwa mashine ya mkono. Panga silipendi kabisa: linatoa mapande manene yanayokauka nje, ndani majimaji. Tena muhogo ukiparuliwa, sumu hupata njia ya kutoka hewani.

4. Anika. Hapa ndipo pa kuwa macho. Mwaka wangu wa kwanza wingu lilitanda jioni, nikakunja turubai na muhogo ndani, nikafunga kamba hadi asubuhi. Nilipofungua, joto lilinipiga usoni pamoja na harufu ya pombe. Nikauanika tena, ukaonekana mzuri, nikapakia. Baada ya wiki tatu magunia manne yalikuwa na kuvu ya kijani, nikayafukia yote. Kuvu huacha sumukuvu, nayo haitoki hata ukirudisha muhogo juani mwezi mzima. Usiwape kuku kwa kuona huruma ya hasara.

Basi tengeneza kichanja cha matete, usawa wa kiuno, utandike wavu. Hewa ipite chini na mbuzi wasifike. Tandaza tabaka jembamba, geuza kila baada ya saa mbili. Mvua ikija, hamishia chini ya paa ukiwa umetandazwa vilevile, usiurundike. Mimi huanika Desemba hadi Februari tu, wakati wa kiangazi.

Kupima, chukua kipande kinene kuliko vyote, ukivunje. Kikipinda, bado. Kikilia "ka!" na kuandika ubaoni kama chaki, tayari. Mama jirani alivunja vyembamba vitatu akafurahi; nikampa kinene, kikapinda. "Kumbe bado, mzee!" Tukaongeza siku moja.

Acha upoe kabla ya kupakia, maana ukiingia gunia ukiwa moto hutoa jasho. Magunia yakae juu ya mbao.

5. Saga, changanya. Muhogo ni wanga, protini haifiki hata asilimia 4, kwa hiyo lazima uongeze soya, mukene (dagaa) au mashudu ya alizeti.